Makato ya Kila Jioni

Mama anauza kamba wa kukaanga kando ya barabara hapa Kibiti. Wasafiri wa siku hizi hawatembei na noti, wanalipa kwa simu. Mama hapendi hela ilale kwenye simu. Anasema hiyo ni hela ya kusikia tu. Basi kila jioni alikuwa anakwenda kwa wakala kuitoa yote, asubuhi ampe mjomba anayetuletea kamba kutoka Kiongoroni, kule deltani.

Mtaji ukawa unapungua. Juzi akasema kamba wakimshinda tutahamia kwa bibi, kijijini Mtawanya, tukalime, shule niifuate kwa miguu. Sikulia. Niliapa nitajua hela inaliwa wapi.

Kusema na watu kwangu ni kazi. Nilizungukazunguka kibanda cha wakala mpaka akauliza, "Wewe binti, umetumwa au umepotea?" Ndipo nikamuuliza. Akanieleza kwamba kinachotula ni kutoa, na kutoa kidogo kidogo kila siku kunakula zaidi kuliko kutoa kwa mkupuo. Kutuma nako kuna makato, ila madogo.

Nikamwambia mama amlipe mjomba kwa simu.

"Mwambie wewe," akasema, akijua siwezi.

Leo asubuhi mjomba akashusha tenga. Nikamwamkia, kisha nikasema huku nawatazama kamba, "Mjomba, leo tukutumie kwenye simu."

"Kule kwetu nitatolea wapi, kwa kaa? Haya, tumeni, ila muweke na ya kutolea."

Mama akaangua kicheko. Nusura nikimbilie ndani, lakini nikaiona kichwani ile njia ya Mtawanya.

"Usiitoe, mjomba. Kabla hujarudi huwa unanunua nini hapa?"

"Petroli ya boti. Unga."

"Muuza petroli anapokea kwa simu. Wa unga pia. Niliwauliza jana."

"Uliwauliza wewe? Wewe usiyeitika hata hodi?"

"Naitika. Hamnisikii."

Akampigia muuza petroli kuhakikisha. Kisha akamwambia mama: nusu kwa simu, nusu mkononi, mpaka aone mambo yanakwendaje. Mama akatuma hela ya wasafiri wa usiku, ambayo hakuwa ameitoa, akinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Nusu si yote, najua. Lakini jioni hii kwa wakala tutatoa nusu tu, na maneno ya kumwomba mjomba apokee kwa simu na ile nusu iliyobaki nimeshaanza kuyapanga.