Kikohozi cha Severo

Nolberto Choquevillca alikuwa na mdomo, hilo hata washindani wake pale Potosí, mji wa migodi nchini Bolivia, hawakulibisha. Watalii aliowaingiza mgodini walitoka wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wengine wakicheka, wengine machozi yakiwalengalenga, na wote walisema hawajapata kuona mwongozaji kama yeye. Kilichowaliza ndicho kilichomnyima raha.

Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya wachimbaji. Mapafu ya baba yao yalipomshinda akafa, kaka yake Severo aliacha shule, akavaa kofia ngumu ya marehemu na kuingia mlimani ili mdogo wake asome. Nolberto akasoma kweli. Akajifunza Kiingereza, kisha akarudi kwenye mlima uleule, safari hii kwa mlango wa wageni. Severo alitamba naye.

"Mdogo wangu anaporomosha Kiingereza," aliwaambia wenzake, "mpaka wazungu wenyewe wanabaki midomo wazi."

Kila ziara ilipita njia ile ile. Wageni walinunua sokoni soda za kuwapa wachimbaji na majani ya koka, wanayoyatafuna kuua njaa na uchovu, wakatambaa gizani hadi kwa Tío, sanamu ya shetani mwenye mlima, na Nolberto akamwashia sigara na kummwagia pombe kidogo miguuni. Baada ya hapo waliteremka kwa Severo, aliyekuwa akigonga patasi kwenye mwamba. Siku moja Severo alikohoa katikati ya maelezo, kikohozi kirefu, na mama mmoja wa Kiholanzi akafuta machozi. Nolberto akaliona hilo. Ziara iliyofuata akaongeza maneno.

"Huyu mnayemwona hapa," alisema kwa Kiingereza, mkono begani mwa kaka yake, "hatafika uzeeni. Mapafu yake yameshageuka mawe."

Severo, asiyejua Kiingereza, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Kwamba ni kaka yake, Nolberto hakuwaambia. Angewaambiaje, halafu aendelee kusema aliyoyasema?

Wageni wakamsifu kwa wenzao, wenzao wakaja wakimtafuta yeye, na maneno yale yakawa hayaachiki tena. Aibu ilimwingia Jumapili, nyumbani kwa Severo. Shemeji yake Basilia alipakua supu ya karanga, na Severo akahamishia nyama yake kwenye bakuli la mdogo wake.

"Kula, bwana mdogo. Kuongea kutwa nzima si mchezo."

"Mimi nimeshiba, kaka."

"Umeshiba nini, maneno?" Basilia akamcheka.

Nolberto aliila ile nyama yote. Alijiona mwizi, tena mwizi anayekaribishwa mezani. Alimwomba Mungu jambo moja tu: kaka yake asijue kamwe anavyosemwa.

Ijumaa moja kulikuwa na Muargentina katika kundi, mtu mpole mwenye ndevu. Nolberto alipomaliza kusema yake, yule bwana akamshika Severo mkono na kumwambia kwa Kihispania, lugha wanayoijua wachimbaji wote pale, "Pole sana, ndugu yangu. Mwongozaji ametueleza habari za mapafu yako."

Mtu akiaibika hutamani ardhi ipasuke immeze. Nolberto ilikuwa imeshammeza, na bado hakuwa na pa kujificha.

Severo alimtazama mdogo wake kidogo tu, kisha akacheka. "Huyu? Huyu anayajua mapafu yangu kuliko daktari."

Wageni wakapanda tena juu kidogo kumpiga picha Tío. Ndugu wawili wakabaki peke yao, taa zao zikimulika chini.

"Kaka, mimi sikuku..."

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mama alie. Watu wakikutazama kama wanatazama jeneza, utahitaji mkalimani?"

"Sasa mbona hukuninyamazisha?"

"Nikunyamazishe ule nini? Urudi huku chini ushike patasi?" Severo alitema majani ya koka pembeni. "Mimi nimeingia humu ili wewe usiingie. Basi sema."

Nolberto alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema kwamba kuanzia leo basi, atauza chumvi, atabeba mizigo stendi, chochote. Lakini wageni walikuwa tayari wakirudi, wakijibanza mmoja mmoja kwenye uwazi mdogo wa kuingilia.

Severo akajifuta mdomo, akaokota patasi na kujiweka sawa mbele ya mwamba. Akamnong'oneza mdogo wake, bila kinyongo chochote, kama mtu anayeuliza habari za kazi:

"Nikohoe sasa, au niwaache wakae kwanza?"

Kabla Nolberto hajajibu, kikohozi kikaja chenyewe, kikamkunja kaka yake hadi magotini, na wageni wakainua kamera.