Nyavu Zisizo na Jina la Kiwanda

Vita vilipochachamaa, watu wa milimani waliteremka wakajaa ufukweni kwetu ziwani, kusini kidogo ya Rumonge. Walikuja mikono mitupu. Kambini waligawiwa vyandarua vya mbu, nao wakavigeuza nyavu. Askari walikuwa wamekataza mitumbwi kwenda mbali, kwa hiyo kila mtu alivua palepale kwenye matete, mahali samaki aitwaye kuhe anapotagia na kulinda watoto wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuanika ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani. Niliona beseni zima la visamaki vidogo kama punje za mchele vikichemshwa kuwa mchuzi.

Kamati ya wavuvi ikanichagua niandike barua, maana nilikuwa nimesoma Kifaransa kidogo. Tulikiandikia kiwanda cha mafuta ya mawese na sabuni. Tuliomba nyavu za macho makubwa, za kuvulia nje kidogo ya matete, ili watu wabadilishe vyandarua vyao, nasi tuyafunge matete yasivuliwe mpaka samaki wakue. Sikutarajia jibu. Lakini asubuhi moja mkurugenzi mwenyewe alishuka kwenye lori lake.

"Amahoro," alitusalimu. "Wafanyakazi wangu wanakula bugali bila kitoweo. Nyavu nitatoa. Ila minataka kila mutumbwi upakwe rangi ya sabuni yetu, na jina la kiwanda, watu waone."

Mwenyekiti wa kamati alitazama miguu yake. Siku zile rangi yoyote ilikuwa ishara ya upande mmoja wa vita. Mtumbwi wenye alama ungesimamishwa na askari, kesho usimamishwe na waasi wa msituni, na wote wangetaka kujua wewe ni wa nani. Lakini nani amwambie hivyo mtu anayekupa?

Nikasimama.

"Patron, utusamehe. Mutumbwi wenye jina utatuletea risasi. Kama rangi ni lazima, nyavu zibaki kwako."

Mwenyekiti alinivuta kitenge nikae. Mkurugenzi aligeuka akatazama lori lake. Mlangoni palikuwa na kiraka cha rangi nyeupe, bado kibichi.

"Mama," alisema polepole, "pale palikuwa na jina la kiwanda. Nimelifuta mimi. Dereva alikataa kupita nalo barabara ya Bujumbura. Halafu mimi nakuja kuwaandika jina ninyi!" Akacheka kwa aibu. Wiki ile ile akaleta nyavu, bila jina lolote juu yake wala sharti la rangi.

Tulidhani kazi imekwisha. Siku ya kubadilishana, mama mmoja wa milimani, mtoto mgongoni, alikishika chandarua chake kwa mikono miwili.

"Nikikupa hiki, leo watoto wangu watakula nini? Mimi sina mutumbwi wa kubeba nyavu yako."

Katika barua yangu nzima sikuwa nimemfikiria mtu kama yeye. Tuliahirisha shughuli, tukabishana mpaka jua likawa kali, kisha tukakubaliana: kila mtumbwi uliopokea nyavu mpya umchukue mtu mmoja wa milimani na kumpa fungu lake la samaki. Wanawake wao waanike samaki pamoja nasi. Yule mama alikuja kwangu, na chandarua chake kikarudi kitandani kwa watoto.

Tukampa pia zamu ya kulinda matete, naye akawa mkali kuliko sisi tuliozaliwa ziwani. Mtu wa kwanza kukamatwa naye akivua humo alikuwa mkwe wa mwenyekiti. Alimtoa majini kwa maneno tu, akamfikisha mbele ya kamati akiwa amelowa.

Mvua zilipopita, yule mama aliniita nije mbio. Bunduki zilikuwa zimesikika upande wa Minago wiki hiyo, nikadhani ni mabaya. Alikuwa ameinama majini kwenye matete, kanga yake imelowa. Kuhe wawili wakubwa walizunguka taratibu, na kati yao wingu la watoto wao, wasiohesabika.

"Tusisogee," alininong'oneza. "Wanalea."