Saa Chini ya Mkono wa Shati

Baba alipofariki, kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kulia ni kumvua saa. Muuguzi alinipa bahasha ya khaki niitie humo. Bahasha niliitia mfukoni, saa nikaivaa. Ilikuwa saa ya zamani, ya kutia ufunguo kwa vidole, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Baba alikuwa akiivaa mkono wa kulia, sijui kwa nini, nami nikaiga. Nilijiambia naitunza.

Siku ya arobaini niliitwa Kilosa kwenye kikao cha ukoo. Nyumba na shamba la Mvumi vilikuwa vimeshagawanywa kidini kwa sisi watoto, bila kelele. Ilibaki saa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amenipigia simu mara mbili kuiulizia, na mara zote mbili nilimjibu iko kwa fundi Dar es Salaam.

Niseme kwa nini nilidanganya. Kwetu mtu huhesabiwa upande wa mama. Mimi na baba, pamoja na kuwa na pua moja na ubishi mmoja, ni watu wa koo mbili. Vitu ambavyo mwanamume alivishika au kuvivaa huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Hilo nililijua kama ninavyojua mji mkuu wa nchi nisiyopanga kwenda. Niliwahi hata kuandika makala gazetini, yenye machozi kiasi, kuhusu saa iliyotoka kwa babu ikaja kwa baba na siku moja itakuja kwangu. Wasomaji waliipenda. Shangazi alisomewa, akauliza tu, “Babu yupi huyo?” Mzee niliyemwandika, karani wa stesheni ya reli, hakuwa baba yake baba. Alikuwa mjomba wake. Saa ile haikuwahi hata mara moja kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe.

Nilisimama Mikumi kunywa chai na kupanga hoja. Nilikuwa na sheria ya nchi, na nilikuwa na dini, ambayo nilikuwa nimeikumbuka ghafla wiki ile. Kisha nikashusha mkono wa shati, nikafunga kifungo. Ningeweza kuiacha saa kwenye gari. Nikajiambia joto lingeiharibu. Msomi hakosi sababu.

Nilipofika Zombo nilimpita binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, akiwa na kanzu nyeupe nyuma ya bodaboda, naye akielekea kikaoni. Akanipungia. Nikampungia kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu halifanywi, nikaomba afikiri ni shauri ya usukani.

Dua ilisomwa. Nikaenda kumwamkia shangazi, aliyeketi mlangoni pamoja na wanawake.

“Marahaba, baba. Saa ya kaka yangu imetoka kwa fundi?”

Nikasema bado, kuna kifaa kinasubiriwa kutoka nje. Wazee wawili wakatikisa vichwa kwa huruma. Ingekuwa nafuu kama wangenikaripia.

Kisha likaja sinia la pilau, na hapo ndipo elimu yangu yote ilipoishia. Katika kupanga hoja zangu sikuwa nimefikiria kwamba kwenye arobaini watu hula, na hula kwa mkono wa kulia. Binamu alikuwa akipita na birika na beseni akitunawisha. Aliponifikia, nikautoa mkono na kifungo changu kimefungwa.

“Kunja shati, kaka. Utalowa.”

“Haidhuru.”

Wenzangu wa sinia wakanitazama. Binamu akaweka birika chini na, kwa adabu ile ya kumsaidia mgonjwa, akakifungua kifungo mwenyewe.

Aliiona. Nilimwona akitazama mikanda, kisha kioo, kisha mimi. Akainama karibu na sikio langu.

“Hii haitaki maji. Mjomba alikuwa anaivua kwanza.”

Akaivua taratibu, akaishika kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akaendelea kuninawisha. Hapakuwa na mtu barazani ambaye hakuiona.

“Kumbe fundi wako amehamia Kilosa,” shangazi akasema.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza alipogundua yuko peke yake. Binamu akaninyooshea saa.

“Chukua, kaka. Kama mjomba alikupa, sema alikupa. Yataisha hapa hapa.”

Nilijua alichokuwa akinifanyia. Maneno mawili tu, baba alinipa, na saa ingekuwa yangu mbele ya mashahidi. Aliyeweza kunikanusha tulikuwa tumemzika. Shangazi alikuwa ameinamisha uso, kana kwamba hataki kuona mdomo wangu utafanya nini. Hoja zangu za Mikumi zilikuwa hapo hapo kooni, zimejipanga vizuri.

“Hakunipa,” nikasema. “Niliichukua.”

Nisidanganye tena: sikusema kwa moyo mweupe. Nilisema kwa sababu nilishindwa kumtazama binamu na kusema lile jingine.

Shangazi akamwuliza mwanawe saa inasema saa ngapi. Akaitazama, akasema imesimama. Ikanibidi nikiri na hilo: tangu hospitali sijaitia ufunguo, niliogopa kuivunja. Siku arobaini nimevaa saa iliyosimama, nikitaka kujua muda natazama simu. Safari hii walicheka wote, na shangazi akaniambia basi nifanye kazi moja yenye faida, nimtajie binamu saa ya sasa.

Nikatoa simu kwa mkono uliolowa. Saa saba na dakika ishirini. Binamu akazungusha mishale, kisha akaanza kutia ufunguo polepole, midomo ikihesabu, akaacha mahali alipofundishwa kuacha. Akavuka mkeka, akaiweka sikioni mwa mama yake.

Shangazi alisikiliza kwa muda mrefu.

“Inatembea,” akasema. Halafu, bila kunitazama, akawaambia wenzangu wa sinia, “Msogezeeni nyama huyo. Ametoka mbali.”