Shehena Aliyoimwaga Leonidas

Nusu ya uwanja wake Leonidas aliitoa baharini kwa mikono. Kisiwa chetu ni kidogo na sisi Waguna wa Panama tunazaana, kwa hiyo anayetaka nafasi huenda mwambani, huzamia matumbawe yaliyokufa, huyajaza mtumbwini na kuyamwaga nyuma ya nyumba mpaka maji yasogee. Kazi hiyo aliianza alipooa, kwa amri ya baba mkwe wake, maana kwetu mwanamume ndiye huhamia kwa mke na kutumika ukweni. Miaka thelathini na minne baadaye ikawa zamu yake kuamuru.

Aliyeamriwa alikuwa Atilio, mume wa bintiye Maricel, mwenye miezi minne tu ndani ya nyumba. Ulikuwa Novemba. Bahari ya mwisho wa mwaka, ile inayofurika hadi majumbani, ilikaribia, na kona moja ya jiko la Edilma, mke wa Leonidas, ilikuwa bado haijajazwa mawe.

Atilio alizuka majini amekumbatia jiwe kifuani, bila shati.

"Maricel akikuona umelishika hivyo itakuwaje?" Leonidas alimdhihaki akilipokea.

Kijana hakucheka. Alipanda mtumbwini, akachukua dumu la maji ya mto na kujimwagia kifuani.

"Tutakunywa nini, kijana? Kwa mama yako mnaogea maji ya kunywa?"

"Joto tu, baba."

Kisha akauma meno na kujikunja. Michirizi myekundu ilimvimba kutoka shingoni hadi kitovuni. Leonidas aligeuza lile jiwe. Upande wa chini lilikuwa na ngozi ya rangi ya haradali, ncha zake nyeupe: tumbawe la moto, lililo hai, limetambaa juu ya lililokufa.

"Umeliamsha mwenyewe! Vimiba vyake viko mwilini bado, ukivipa maji baridi ya mto vinafyatuka vyote. Maji ya bahari, mjinga wewe!" Akawa anammwagia kwa kata, huku akicheka. Yeye alikwishaungua mara nyingi. Huwasha siku mbili, basi.

Kicheko kilimkatika alipoona midomo ya Atilio inavimba.

"Baba," kijana alisema, na sauti ilitoka kama filimbi iliyopasuka. "Koo linaziba."

Ukingo wa mtumbwi ulikuwa vidole viwili tu juu ya maji kwa uzito wa mawe, na upepo ulivuma usoni. Hivyo wangefika kisiwani baada ya saa mbili. Leonidas alitupa jiwe la kwanza, akatupa la pili, kisha akaacha kutazama anatupa nini. Asubuhi nzima ya kazi ilizama pale pale. Akashika kasia.

"Usilale! Kaa wima. Imba."

Atilio alitikisa kichwa.

"Basi nitukane. Miezi minne unatamani."

"Mzee... mchoyo."

"Endelea!"

"Mchoyo wa... samaki. Unakoroma."

"Nani kasema nakoroma?"

"Kisiwa... kizima."

Baada ya hapo matusi yaliisha, ikabaki filimbi. Leonidas alipiga kasia akiisikiliza, na kila iliponyamaza alimpiga kijana teke mguuni mpaka irudi.

Kwenye zahanati nesi Yadira hakuuliza jina. Alimchoma sindano ya paja, akasimama anahesabu pumzi. Leonidas alishika nguzo ya mlango. Filimbi ikapungua, ikapungua tena, ikawa pumzi ya mtu.

"Liliwahi kukugusa kabla?" Yadira alimuuliza baadaye.

Atilio alimtazama mkwewe kwanza. "Wiki iliyopita, mkononi. Nilivimba hadi begani, nikavaa shati la mikono mirefu."

"Kwa nini hukusema?" Leonidas aliuliza.

"Ungecheka, baba."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu nisingekurudisha kule."

"Mwili wake umeshalijua," Yadira alisema. "Likimgusa mara ya tatu huenda asifike hapa. Asilishike tena maisha yake yote."

Atilio aligeukia ukuta. Mkwe asiyeweza kubeba tumbawe hurudishwa kwao, hilo analijua kila mtu. Mlangoni Edilma alikuwa amefika na Maricel, wote wawili wanahema.

"Mawe yako wapi?" Edilma aliuliza, kwa kuwa ndilo lililomtoka kwanza.

"Nimeyamwaga. Na huyu kuanzia kesho analima ng'ambo kule bara, migomba yote ni yake. Mwambani nitakwenda mwenyewe."

"Kwa mgongo huo?"

"Jiko litaingia maji mwaka huu, Edilma. Utapika umesimama majini."

Edilma alitazama michirizi kifuani mwa kijana. "Nitasimama, basi," alisema, kisha akavuta kigoda karibu na kitanda, akaketi.