Kaya Moja, Kizimba Kimoja

Watu huniuliza kama halmashauri ilitusaidia au ilituvuruga ule mwaka machimbo yalipokufa, na mimi huwajibu sijui. Wanadhani naogopa serikali. Siogopi mtu, mimi. Sijui kweli.

Nilikuwa napika chakula kando ya barabara iendayo machimboni. Ugali, nyama ya mbuzi na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo wake, dagaa kwa wenye mfuko mwembamba. Wateja wangu walikuwa vijana wa kutoka Shinyanga, Kigoma, na mikoa mingine ambayo sijafika, wanatoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope, wanakula kama wanaofukuzwa. Halafu maji yakaingia kwenye mashimo, mwamba wenye dhahabu ukakata, na habari zikaja kwamba kuna rashi mpya, machimbo yaliyofumuka huko mbali, dhahabu inaokotwa juu juu. Jamani! Waliondoka na magodoro kichwani kama walivyokuja. Hata waliokuwa wakiniita mama hawakuaga. Vyuma vikakaza, nikabaki nafukuza nzi.

Upande wa pili wa barabara alikaa mama mmoja mzee, anauza ndizi na mahindi ya shambani kwake. Huyu niseme mapema ni nani, maana sisi wenyewe tulichanganyikiwa vya kutosha. Mama huyu ndiye aliyenioa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kwetu Wakurya mwanamke aliyefiwa na mume na hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba yake isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Yule msichana atazaa na mwanaume anayempenda, na watoto ni wa nyumba ya mama. Mimi nilitolewa Ringwani, upande wa Serengeti, nikaletwa kwake Nyarero. Nina watoto watatu, wote wanamwita bibi, na mimi namwita mama. Mwenye kuona ajabu aone tu, sisi tumeshazoea.

Usifikiri ni bibi wa kuonewa huruma. Ana ulimi! Wanunuzi wa ndizi wakishuka kutoka Sirari na Kiswahili chao cha Kenya, "Mathe, punguza kiasi," anawajibu waende wakapande zao. Nyumbani pia ni vile vile, kila siku ugali wangu una kasoro.

Basi machimbo yalipokufa, halmashauri ikaja na gari la kipaza sauti. Wakasema wamekaa kikao juu ya hali ngumu na wameamua mambo. Ushuru wa soko wameufuta mpaka hali itengemae. Barabara itatengenezwa, na vibarua watachukuliwa wa hapa hapa. Chai na chakula cha vikao vyao vyote havitanunuliwa tena kwenye hoteli za mjini, vitanunuliwa kwetu. Na watajenga soko lenye paa, maji ya bomba na vizimba vya saruji, kila mtu na chake.

Hilo la mwisho lilinigomea akilini. Wateja hawapo, wao wanaongeza mahali pa kuuzia! Nilimuuliza jirani yangu muuza nyanya kama amesikia ninachosikia mimi. Akanikata: "Wee nyamaza, vya bure hivyo."

Ili wenye familia kubwa wasikombe vyote, waliweka sheria: kaya moja, kizimba kimoja. Walitufanya tuitamke pamoja, nusu soko likaitikia kwa nguvu. Mimi pia nilipiga makofi, nikaona leo wakubwa wamebanwa. Nilifika nyumbani, nikatua ndoo, ndipo nikashtuka. Mimi na mama ni kaya moja. Na kando ya barabara hapatauzwa tena kitu, soko likifunguliwa. Kwa hiyo mmoja wetu atakaa nyumbani.

Nani sasa? Sufuria zangu ndizo zilizowavalisha watoto sare za shule. Lakini kile kiti chake cha kuuzia ndizi kilikuwa ndiyo maisha yake, akikosa siku moja anaumwa. Tulitazamana juu ya jiko. Akaniambia moshi umezidi, basi.

Siku ya kugawa vizimba alikuja afisa maendeleo ya jamii, kijana mstaarabu kutoka mikoa ya kusini, mgeni kabisa kwetu. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama. Watu walikuwa wengi, wachimbaji wachache waliobaki na wenyeji, kila mtu anaitwa mbele na kuulizwa mbele ya wote ili pasiwe na upendeleo. Tulipoitwa akaniuliza mkuu wa kaya yetu ni nani.

"Huyu hapa," nikasema.

"Ni mama yako mzazi?"

"Hapana."

"Mama mkwe?"

"Siyo hasa."

"Sasa ni nani wako?"

"Ndiye mume wangu."

Soko likalipuka. Wachimbaji wakanicheka mimi, wenyeji wakamcheka afisa. Kijana wa watu akakunja uso, akasema, "Mama, tuko kazini, tusitaniane." Mzee mmoja akamwinamia akamweleza sikioni. Nilimwona afisa anavyosikiliza, macho yanakwenda kwa mama, yanarudi kwangu, yanakwenda tena. Alichanganyikiwa hadi nikamwonea huruma.

"Kwa hiyo baba wa watoto ni nani?" akauliza.

"Hilo halikuhusu, mura," mama akamjibu. Mura ni kijana kwa lugha yetu, na kwa sauti yake ile lilikuwa onyo.

Afisa akaomba radhi. Halafu akasema jambo ambalo naamini alilisema kwa moyo mwema. "Mama zangu, sheria yangu haina mahali pa jambo hili. Mimi naona wanawake wawili wanaojituma. Mkisema ninyi ni kaya moja, nawapa kimoja. Mkisema kila mmoja ana kaya yake, hamhusiani, nawapa viwili na hakuna atakayewauliza. Lakini mseme wenyewe, hapa, watu wasikie."

Kwake yalikuwa maneno tu, ya kusogeza foleni. Hakujua amegusa nini. Kwetu nyumba inasimamishwa kwa ng'ombe na kwa maneno mbele ya watu, na kwa maneno mbele ya watu inaweza kubomolewa. Hakuna cheti mahali. Ukisimama sokoni ukasema huyu si wa kwangu, umesema, na jioni ukoo mzima unajua.

Nikavuta pumzi niseme kaya moja, kizimba apewe mama. Nilikuwa nimeshaamua, naapa. Nitapika nyumbani nitembeze chakula mgongoni, nilijiambia. Kabla sijafungua mdomo mama akapiga fimbo chini.

"Huyu si wa nyumba yangu," akasema. "Andika."

Wachimbaji wakashangilia, vizimba viwili hivyo! Wenyeji wakatazamana. Afisa akatabasamu, akanionyesha kizimba changu cha kupikia, karibu na bomba, na cha mama mkabala na changu. Nikasema asante. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Mama alitangulia kwenda nyumbani kama kawaida yake. Mimi nikafika njia panda na sufuria zangu nikasimama. Nyumbani ni wapi sasa? Ringwani nirudi kama nani, na ng'ombe walishaliwa zamani? Nikamfuata, maana miguu haikujua njia nyingine. Niliingia jikoni nikapika. Akala, akasema chumvi kidogo, akaenda kulala. Kesho yake hivyo hivyo.

Soko lilifunguliwa. Mwanzoni tulitazamana wauzaji kwa wauzaji, nikasema si niliwaambia. Lakini watu wa halmashauri wakaanza kuja kweli, vikao vyao vikahamia kwenye sufuria zetu. Wengine walikiogopa kichuri wakaomba maharage, wiki mbili tatu baadaye wanagombania kichuri. Barabara ilipotengenezwa malori ya ndizi ya Sirari yakapata pa kuegesha, madereva wakawa wanakula kwangu na kununua kwa mama. Sisemi tulitajirika. Nasema jiko halikuzima, na bila ule mpango lingezima. Haya, hilo nawapa.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Siku moja mdogo wa marehemu mume wa mama alikuja kizimbani kwangu. Akala taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Tumesikia. Soko limesikia, serikali imesikia. Sasa wewe unakaa pale kama nani? Na watoto wako ni wa ukoo gani? Shamba la kaka yangu haliwezi kulimwa na wapangaji."

Nilimwambia amalize mchuzi aende zake. Niliongea kwa ukali, sisi hatujui kuongea taratibu, lakini alipoondoka niliacha maharage yakaungua. Watoto wangu walizaliwa katika nyumba ile. Hawana kwingine.

Nikamwendea yule afisa ofisini. Akanisikiliza akacheka kwa upole, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yale yalikuwa mambo ya soko tu, hayahusu ndoa. Nikamwambia kwake hayahusu, kwetu ndiyo ndoa yenyewe. Akakuna kichwa. Akasema kama nataka ataita watu, tutamke upya kwamba ni kaya moja, ila sasa itabidi kizimba kimoja kirudi, sheria ni sheria. Alisikitika kweli, nilimwona. Mtu mwema ananiambia nichague nyumba au jiko, na yeye mwenyewe haelewi imekuwaje. Nilitoka pale nimemkasirikia na sina kosa la kumshika nalo.

Sikurudi nyumbani. Nilirudi sokoni moja kwa moja. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, watu wamepungua, mama anatenga ndizi zilizoiva na mbichi. Nikasimama mbele yake.

"Mama, umeniacha au hujaniacha? Niambie leo. Nimechoka."

Hakuinua uso. "Nani amekuuliza?"

"Shemeji yako. Anataka shamba. Anasema watoto hawana ukoo."

"Huyo mwachie mimi. Kesho yake baada ya kugawiwa vizimba nilikwenda kwa wazee wa ukoo, nikawaambia watoto ni wangu na shamba ni lao, mimi niwe hai au niwe nimekufa. Yeye alikuwepo, alinyamaza. Anajaribu kwako kwa sababu anajua hujui."

Nikapumua. Kisha nikaona bado kuna kitu hakijakaa sawa. "Na mimi je?"

Ndipo akaacha ndizi. Mama huyu sijawahi kumwona akitafuta maneno, siku ile aliyatafuta.

"Siku ninakuoa niliongea na baba yako. Tukaongea ng'ombe, tukamaliza. Wewe ulikuwa jikoni unatukorogea uji, hakuna aliyekuita. Miaka yote hii sijui kama ulitaka. Nilikuwa naogopa kuuliza. Utanijibu nini, unakula kwangu? Sasa yule kijana akasema mbele ya watu kila mmoja anaweza kuwa na chake. Nikasema basi, na aende akitaka. Ana jiko lake, ana wateja wake, ng'ombe sidai hata mmoja. Watoto wana kwao, aje awaone anapotaka."

"Kwa hiyo ulinifukuza?"

"Nilikufungulia. Kila jioni nakaa hapa nakuangalia unavyofunga vyombo. Natangulia mimi, sigeuki nyuma. Nikifika nyumbani nikisikia sufuria zinatua jikoni, ndipo nakaa."

Nilipandwa na hasira, sikuficha. "Ungeniambia!" nilipiga kelele hadi muuza nyanya akageuka. "Miezi yote natembea nyuma yako kama mwizi, nadhani sina kwangu, kumbe!"

"Ningekuambia ungebaki kwa huruma," akasema. "Huruma sikuitaka."

Kichwani mlikuwa na vurugu tupu. Nilikuwa nimeachwa au nimeachiwa? Kama niliachiwa, mbona sikwenda? Nilibaki kwa kupenda au kwa kutojua? Mpaka sasa sijamaliza kuyapanga hayo maswali. Ninachojua ni kwamba baba yangu hakuniuliza, wala mama yangu, wala ule ukoo. Mwanamke huyu peke yake aliniuliza, tena kila jioni, na mimi nilikuwa nikimjibu kwa mlio wa sufuria na sijui kama kuna mtu anasikiliza.

Nikamwambia asogee. Nikakaa naye juu ya gunia la mahindi nikalia, mchana kweupe, mbele ya wateja. Akaniachia nilie. Baadaye akanisukuma begani akaniambia kuna dereva wa lori kizimbani kwangu anataka ugali.