Mununuzi wa Kwanza wa Asubuhi

Rafiki yangu, sogea karibu, wewe njo mutu ninaweza kumufungulia moyo. Nakuandikia vile ninasema, kwa sababu kusoma nilipata ukubwani, ku masomo ya jioni, mutoto mugongoni. Nataka nikuelezee namna nilipata moto, ile pikipiki ya magurudumu tatu ya kubeba mizigo, mupya, viti bado viko na nailoni. Mpaka leo nikikumbuka ile asubuhi, miguu inataka kucheza.

Ile moto haikuwa ya kujionyesha. Ilikuwa ya bwana yangu. Tangu tuoane, kazi yake ni kusukuma kinga, ile baiskeli ya mizigo. Anafunga mabidoni, yale madumu ya mawese, huku na huku, anashika fimbo ku usukani, anatembea kando yake toka Alunguli mpaka Kalima na kurudi. Sasa kifua chake kinapiga filimbi akipanda kilima, na bega moja limeshuka chini ya lingine. Kila safari anasema, "Hii njo ya mwisho." Hizo za mwisho nimeshachoka kuzizika.

Lakini siwezi kuitukana kinga. Wakati wa vita njo ilitulisha. Tulikuwa tumeoana tu juzi-juzi. Treni haikuja tena, mashua hazikuja, muji ukafungwa kama chungu chenye kifuniko. Chumvi ikawa kitu cha kufichwa ndani ya nguo. Bwana yangu akabeba chumvi na sabuni ku kinga kupitia pori, mimi nyuma nasukuma ku vilima, tumbo la mimba ya kwanza linanitangulia. Tulifika mpaka Kampene, kwa wachimbaji, tukirudi na muchele na mawese. Ku barrière, kizuizi cha njia cha kila kundi la bunduki, tunaacha kidogo, tunashukuru Mungu kwa kilichobaki.

Kule Kampene mama mumoja wa soko akanifundisha biashara. Aliniona nimekataa bei ya mutu wa mapema, akanivuta sikio kabisa. "Wee mutoto! Mununuzi wa kwanza wa asubuhi hauachi aende mikono mitupu. Akienda, anaenda na siku yako yote. Muuzie hata kwa hasara." Mimi na bahati hatujuani, mimi naamini Mungu. Lakini niliona wauzaji wote, Wakristo kwa Waislamu, wanaishika ile sheria kuliko amri kumi. Basi nikawa naamka kabla ya jogoo, nikinunua, niwe wa kwanza.

Miaka ikapita, vita ikapita, watoto wakakua, na bwana yangu angali anasukuma. Mwaka huu zamu yangu ya likelemba ikafika, ule muchango wetu wa wamama wa kanisa, kila mwezi mumoja anabeba vyote. Nikaongeza na akiba yangu ya kuuza unga. Nikavuka muto, nikaenda muji wa ngambo, ku barabara yenye maduka mawili ya moto yanaangaliana uso kwa uso. Huku muzee wa kofia nyeupe, kule kijana wa miwani.

"Mama yangu," muzee akaniambia, "hii si moto, hii ni bwana wa pili. Inafanya kazi, haigombani."

"Lakini inakunywa," nikasema, nikagonga tanki. "Punguza bei, Muzee. Bwana wa kwanza ananitosha."

Kijana akapiga kelele toka ngambo ya barabara: "Mama, usipoteze wakati! Ya huyu muzee iko na vumbi tangu mimi niko shuleni!"

"Na shule ulitoka lini?" muzee akajibu. "Jana saa ngapi?"

Nilicheka, lakini bei haikucheka. Huyu akishusha, yule anashusha sawasawa, halafu wote wawili wanasimama kama mbuzi mbele ya maji. Na kati ya pesa yangu na ile bei yao, kulikuwa bado na mbuzi tatu. Mimi nahesabu hivyo. Dola inanichanganya, mbuzi namujua. Nikarudi siku ingine, mbuzi bado tatu. Walijua mama wa likelemba hana kwa kwenda, atarudi tu.

Nilipofika nyumbani, nikakuta bwana yangu anapaka mafuta ku mnyororo wa kinga.

"Kesho naenda Kalima," akasema. "Safari moja tu, ya mwisho."

"Baba, ningojee mpaka saa sita ya mchana."

"Nikungojee kwa nini? Jua halinipendi kama wewe."

"Mpaka saa sita," nikasema. Akakohoa, akaitika kwa kichwa. Likelemba ikitumika kwa vitu vingine, zamu itazunguka wamama wote kwanza ndipo irudi kwangu, na sikujua kama kile kifua kitangoja.

Asubuhi nikapanda mutumbwi wa kwanza. Nikasali rozari juu ya maji. Nikafika ku barabara, maduka yote mawili yamefungwa bado. Nikaketi katikati kabisa, ku jiwe la ukingo, nikakunja kitenge. Muzee akafika wa kwanza, akavuta mulango wa bati. Nikasimama kizingitini mwake kabla hajaingiza jua.

"Salamu, Muzee. Mimi njo wa kwanza?"

Akaniangalia. Akaangalia barabara, hakuna mutu. Akashika kofia. "Wewe njo wa kwanza, Mama. Ee Mungu, na ni wewe!"

"Basi sema bei ya mutu wa kwanza."

Akashusha mbuzi mumoja palepale. Ile wakati kijana naye anafungua. Nikageuka, nikavuka kwake haraka, kitenge kinataka kuanguka.

"Mwanangu, mimi njo wa kwanza hapa?"

"Ndiyo, Mama, lakini ulianza kwa muzee!"

"Kwake nilisalimia. Sijanunua."

Hapo, rafiki, barabara ikawaka moto! Muzee akatoka nje na kandambili moja. "Huyo mununuzi wangu! Aliingia kwangu!" Kijana: "Hakununua, Muzee! Hata jina lake haulijui!" "Namujua, ni mama wa unga!" Mama wa mandazi akaacha mafuta yanaungua aje kuangalia. Mbuzi wa pili akaenda kwa kijana. Mbuzi wa tatu akaenda kwa muzee, na mimi ndani ya roho naimba Aleluya, lakini uso wangu nimeukaza kama mutu anameza kwinini. Kijana akafika ile bei pia, akaongeza kupunguza kidogo juu yake.

Pesa ilikuwa sasa inatosha kununua kwa yeyote kati yao. Nikataka kwenda kwa kijana, maana njo mwenye bei ya chini. Muzee akaniuliza polepole:

"Mama, nani ataiendesha?"

"Bwana yangu."

"Anajua?"

"Anajua kusukuma."

Watu wakacheka. Muzee hakucheka. Akaangalia kinga ya mutu mumoja ilikuwa inapita na mizigo wakati ule. "Matabishi yangu kwako, ile nyongeza ya bure, njo hii: nitamufundisha mimi mwenyewe, mpaka aiendeshe bila kuniangalia. Leo hii naivusha na wewe."

Nikafungua kitambaa cha kiunoni, nikamulipa muzee. Kijana akavua miwani, akaipangusa, uso umeanguka. Basi nikavuka tena kwake, nikanunua chupa ya mafuta ya injini na ile pesa nilikuwa nimeweka ya mutumbwi wa kurudi. Mimi siamini mambo ya siku mubaya, lakini sikutaka aibebe kwa ajili yangu. "Umefungua mulango, Mama," akasema, akacheka.

Muzee akaendesha, mimi nyuma nimesimama kama gavana, tukashuka ku kivuko. Ku Alunguli watoto wa majirani wakakimbia nyuma yetu wakiimba. Bwana yangu alikuwa ameshafunga mabidoni yote, fimbo iko mukononi. Akaangalia moto, akaangalia mimi.

"Ya nani?"

"Ya mutu anaacha kusukuma leo."

Akaketi chini, akaanza kufungua kamba za mabidoni, moja moja, na muzee akainama kumusaidia.

Sasa anaenda Kalima amekaa. Wewe unayesoma, kama unajua mama yeyote ambaye bwana yake angali anasukuma, musomee haya, na kama hawezi kungoja umalize, muambie tu aamke mapema.