Kimaiyo Hakuwa Mwizi

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja huko Dubai nilipolikataa jina lako kwa simu. Usishtuke. Nimesikia wenzako chuoni wameliona lile gazeti la zamani kwenye mtandao, wamekucheka, na sasa unatafuta wakili akufutie jina la Kimaiyo. Kaa kwanza. Hasira niliyo nayo leo si juu yako peke yako. Nyingi ni juu ya kijana mmoja mjinga, na kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa mlinzi wa jengo la kupangisha pale mtaa wa Al Muraqqabat, miaka ya elfu mbili na kidogo. Ghorofa ya tano aliishi Mwingereza mmoja mpole, aliyekuwa akikusanya habari za babu yake, mlowezi wa huko kwetu Nandi. Alikuwa na boksi zima la nakala: magazeti ya walowezi wa mashambani, na madaftari ambamo serikali ya kikoloni ilihesabu watu na mifugo yao. Majina ya vilima vyetu yalimshinda, akaniita nimsomee. Nikajiona mtu wa maana. Ndipo nikakutana na habari fupi gazetini: Kimaiyo, jambazi sugu, ametoroka na ng'ombe kumi na mmoja wa mlowezi, na atakayemfichua atapewa zawadi. Kilima kilichotajwa ni chetu. Kimaiyo ni babu yake baba yangu.

Wiki hiyo hiyo ukazaliwa. Desturi yetu unaijua: akina bibi humnusisha mtoto ugoro kidogo huku wakitaja wazee waliokufa mmoja mmoja, na jina atakalopigia chafya, basi huyo ndiye amerudi. Bibi yako alinipigia simu kwa furaha.

"Mtoto amepiga chafya," akasema. "Ni Kimaiyo."

"Mama, tafuteni mwingine. Huyo alikuwa mwizi. Imeandikwa gazetini."

"Basi tutangoja umalize kusoma," akasema, akakata simu.

Ukakaa wiki sita bila jina, kila nikipiga simu ukiitwa "mtoto" tu kama wa kuokotwa, na mimi huku najisifu kwamba nimekuepusha na aibu. Hata leo nikikumbuka nasikia moto kifuani.

Aliyenizindua ni Mzee Haji, Mzanzibari mshona nguo wa Bur Dubai, aliyekuwa akinipunguzia suruali ya sare. Mzee huyo alikuwa mkali, hata wateja wake aliwagombeza kwa kunenepa. Nilimsimulia kisa chote nikicheka. Akaweka mkasi chini.

"Gazeti hilo kaandika nani?"

"Walowezi, mzee."

"Na ng'ombe wakidaiwa na nani?"

"Walowezi haohao."

"Basi ushamhukumu babu yako kwa shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe kashika kamba ya ng'ombe. Akutukanaye hakuchagulii tusi, mwanangu. Yalla, nenda kasome yaliyobaki. Suruali hupati mpaka uniletee jawabu."

Nilikwenda, maana suruali ya sare nilikuwa nayo moja. Nikamwomba yule bwana madaftari. Katika hesabu ya kwanza, kilimani petu: Kimaiyo, wake wawili, watoto watano, ng'ombe arobaini. Katika hesabu iliyofuata kilima kilekile ni shamba la mlowezi, na Kimaiyo ameandikwa kibarua, ng'ombe hana, pembeni maandishi madogo yakisema mifugo imechukuliwa kwa faini. Faini ya kosa gani, haikuandikwa. Habari ya gazeti ilikuja baada ya hapo. Mwizi gani huyo, mwanangu, anayechukua kumi na mmoja katika arobaini wake?

Na jina la mwenye shamba lilikuwa jina la ukoo la bwana wa ghorofa ya tano.

"Sir," nikamwuliza, "hawa ng'ombe, babu yako aliwanunua?"

Akasema zamani zile mambo yalikuwa mengine, akazikusanya karatasi zake taratibu. Hakuniita tena kusoma majina ya vilima. Lakini ghadhabu yangu kubwa haikuwa kwake. Yeye alikuwa akimtetea babu yake. Mimi wangu nilikuwa nimemuuza bila hata kuulizwa bei.

Nikanunua kadi ya simu, nikapiga nyumbani. Bibi yako hakunisalimu.

"Umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza, mama. Mwiteni Kimaiyo."

"Tumekuwa tukimwita hivyo wewe ukiwa hupo kwenye simu," akasema.

Basi sikia. Wenzako wanaocheka wamesoma kipande kimoja, kama nilivyosoma mimi. Kabla ya kwenda kwa wakili, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka, utafute lile daftari la hesabu, uliweke kando ya gazeti, kisha uwaite waje wacheke tena. Usimpokee mzee wako kutoka mdomoni mwa aliyemnyang'anya. Mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa mtumwa kwa wiki sita, kwa hiari yangu, na hakuna aliyenifunga. Mimi nilimkana nikiwa mbali. Wewe utamkana ukiwa umesimama juu ya kilima chake?

Sogea nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. Mungu akupe ng'ombe wasiochukuliwa na mtu, akupe na wajukuu wa kukupigia chafya. Uzee ukukute bado ukiitikia jina hilo, Kimaiyo.